Kochi la Mgeni

Kaloleni,
Jumapili, 16 Februari 2025

Kwa mpwa wangu Shirleen,

Niaje, Shiru. Kaa chini kwanza, maana habari hii ikikukuta umesimama utaanguka, halafu shule inidai sakafu.

Mimi ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote kuanzia Makongeni hadi Makadara, na anayebisha alete yake tupime. Nimeshinda! Ile kuponi ya bahati nasibu niliyojaza supamaketi siku nilipokununulia sabuni ya bweni, wewe ukiwa tayari nje na begi, imetoka. Makochi ya watu saba, rangi ya maziwa, na vitambaa vyake vya kufumwa kwa mkono. Tivi kubwa hivi kwamba ukiisimamisha mlangoni hakuna mtu atatoka. Na friji inayonguruma kama lori likipanda Limuru. Nimefika Juba, nimefika Kampala, nimekula samaki wa Goma nikiwa utingo, lakini bahati ya aina hii sijaikuta hata kwa Wahindi.

Na ona Mungu anavyopanga mambo: ilikuja wiki ileile ya wageni wako. Jana walifika wale wa kampuni ya Rangi za Mawio, wa huo mpango wao wa kuwatayarisha wanafunzi wa kidato cha nne kwenda chuo kikuu. Walikuwa wawili, Madam Fartun na kijana wa kamera anaitwa Johnson. Nikawakaribisha kama mabalozi. Chapati, kuku wa kienyeji, soda baridi kutoka kwa friji yangu mwenyewe.

Madam akauliza, "Huyu mpwa wako hasa ana shida gani?"

Nikamwambia, "Madam, huyu mtoto na shida hawajuani. Wakipatana njiani hawasalimiani."

Akaandika. Nikamweleza nilivyoshinda, akaandika. Johnson alitaka kupiga picha pale unapolala, nyuma ya pazia. Nikamshika mabega, nikamgeuza yeye na kamera yake mpaka kwa makochi.

Walipoondoka walinishika mkono kwa nguvu. Nafasi ya Kaloleni ni moja tu, na nimeshaiona imekaa hapa kwa kochi inakungoja. Wewe soma hizo kemikali zako. Haya mengine mwachie mwenye bahati.

Mimi mjomba wako,
Ngigi


Shuleni, Murang'a,
21 Februari 2025

Anko Ngigi,

Salamu nitaleta nikipoa.

Ile barua ya Mawio niliyokuachia juu ya meza, uliisoma mpaka mwisho, au ulifika pale pa "wageni watakutembelea" ukakimbilia kuku? Mpango ni wa watoto ambao kwao hakuna. Hakuna, Anko. Walikuja kuona kwa macho yao kwamba hakuna. Wewe ukawaonyesha kwamba kuko, na juu yake ukatandika kitambaa.

Unajua hiyo nafasi ni nini? Likizo ya Aprili na ya Agosti unashinda kiwandani na wakemia wao, kwenye maabara ya kweli, si hii yetu ambapo darasa zima linasubiri moto mmoja. Wanakufundisha kompyuta. Wanakusaidia kuchagua kozi. Wanakufundisha kusimama mbele ya watu wa chuo uongee bila magoti kugongana. Ukimaliza mtihani wanakupa kazi kwenye maabara mpaka chuo kifunguliwe. Mimi nataka kusomea kemia, na hii ndiyo njia ninayoiona. Nyingine sijaiona, na sidhani umeificha mfukoni.

Mwalimu wa kemia alinipigania kwa mwalimu mkuu mpaka jina langu likapelekwa. Wewe ukaja na mdomo.

Eti mimi na shida hatujuani! Tumelala nyuma ya pazia moja tangu mama afe ukanichukua nikiwa darasa la tatu. Ningekuwepo ningewatambulisha.

Lakini sawa, hongera kwa kushinda. Kwa sababu sasa wewe ni tajiri, uza friji uninunulie kompyuta. Uza tivi unilipie masomo ya likizo. Kama huwezi kuuza, basi usiniandikie tena habari za bahati yako. Hapa bwenini tuna kelele ya kutosha.

Shirleen


Rangi za Mawio, Mpango wa Daraja la Chuo,
Eneo la Viwandani, Nairobi,
25 Februari 2025

Bw. Ngigi,

Kuhusu ombi la Shirleen, mwanafunzi wa kidato cha nne

Tunashukuru kwa ukarimu wako wa tarehe 15. Hata hivyo, mpango huu ni wa wanafunzi ambao familia zao hazina uwezo wa kuwatayarisha kwa chuo. Bodi imeziona picha za nyumba yako. Imesoma pia maneno yako mwenyewe, kwamba mwanafunzi na shida "hawajuani". Kwa sababu hiyo ombi halikufaulu, na nafasi ya Kaloleni itapewa mwanafunzi anayefuata.

Unaweza kukata rufaa kabla ya Ijumaa, 21 Machi. Rufaa iwe ya maandishi na iwe na sahihi yako. Tafadhali usipige simu tena kudai jibu. Wasichana wetu wa mapokezi hawakuajiriwa kuitwa makopo matupu, na mkurugenzi wetu si "mpaka rangi wa vyoo".

Fartun Aden
Afisa wa Mpango


Kaloleni,
28 Februari 2025

Madam Fartun,

Umesema niandike, naandika. Shule niliiacha darasa la saba, lakini kalamu haikuniacha.

Kwanza tuongee habari ya tumbo. Ulikula chapati zangu. Johnson alikula za kwake na za kwako, kisha akafunga nyingine kwa gazeti akasema ni za mke. Hakuna aliyesema, "Bw. Ngigi, hizi chapati tunazipeleka kwa bodi." Ningejua kuku anatoa ushahidi, ningewapa maji ya mfereji na kuwaambia kwaheri.

Pili, ulitaka nikukalishe wapi? Huku kwetu mgeni akibisha hodi hawi wa nyumba moja, ni wa mtaa. Hata kama jana ulilala njaa, mgeni atapata mahali pa kukaa na kitu cha kutafuna, halafu akienda ndipo ujue utakula nini. Kama mlikuwa mnatafuta mtu wa kulia mlangoni, mngeandika kwa barua, "Tayarisha machozi." Ningetafuta mtu wa kuyamwaga. Hapa Kaloleni hawakosi.

Tatu, na hii usome polepole. Unaikumbuka kalenda yenu ya mwaka jana? Mimi naikumbuka, maana ilining'inizwa kila duka la hadiwea la Jogoo Road na hata kwa kinyozi wangu. Mwezi wa Mei ni Amondi, msichana wa nyumba ya nyuma yetu. Mlimkalisha juu ya mtungi wa maji, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna, ukuta nyuma yake umebanduka, na chini mkaandika, "Tunapaka rangi maisha yake." Mtoto mwenye akili kama wembe! Watu wakamwita Amondi wa Mtungi. Akaacha kupita barabara kubwa. Akitumwa dukani alizunguka nyuma ya ukumbi wa mtaa kama mwizi. Mimi nikikaa kwa kinyozi ninyolewe, ile kalenda inanitazama, na mimi najua nina wangu nyumbani anayekaribia kidato cha nne. Nikaapa kwamba wangu hatakaa juu ya mtungi.

Ndiyo sababu Johnson alipouliza mtoto analala wapi, nilimwonyesha kochi. Niandikie hilo kwa faili.

Na bahati nasibu yangu ni yangu. Mjomba akishinda kochi, mpwa ameshinda chuo? Hiyo hesabu mlifundishwa wapi?

Rufaa ndiyo hii. Sahihi nimeiweka kubwa, msiseme hamkuiona.

Ngigi


Rangi za Mawio,
5 Machi 2025

Bw. Ngigi,

Barua yako nimeipata. Haikuwa rufaa, ilikuwa ngumi. Nakujibu nikiwa nimefunga, kwa hiyo nusu ya niliyotaka kusema nimeiacha nje.

Amondi yuko chuo kikuu, mwaka wa kwanza, anasomea uuguzi. Ile kalenda ilikuwa kosa. Nilisema hivyo hapa ofisini kabla yako, mbele ya watu wanaonilipa mshahara, na haikuwa raha. Lakini usinirushie kalenda ili nisione friji.

Mimi nimelelewa Eastleigh. Mgeni akiwa njiani, mama alinituma kwa jirani kuleta kapeti, birika na vile vikombe vyenye mdomo wa dhahabu. Kwa hiyo najua kochi linalokaa kwa mwenyewe na kochi lililokuja kuona mgeni. Lile la kwako lilikuwa linaangalia mlango. Ndiyo maana nilikuuliza mara ya pili, kwa upole, kama vitu vyote ni vyako. Mama yangu alikopa kapeti, Bw. Ngigi, lakini hakuna siku alimwambia mgeni amelishinda. Wewe ulinitajia mpaka rangi ya kuponi.

Siwezi kuipelekea bodi macho yangu. Bodi ina picha, na ina maneno yako. Kinachoweza kuyaondoa ni maneno yako mengine, yaliyoandikwa, na sisi kurudi kuiona nyumba jinsi ilivyo siku ambayo hukutuandalia.

Kama ulishinda kweli, nyamaza, nafasi iende kwa mtoto mwingine anayeihitaji. Kama hukushinda, sema. Mistari miwili inatosha. Barua yako ilikuwa na kurasa nne, na hiyo mistari miwili sikuiona ndani yake.

Fartun Aden


Kaloleni,
7 Machi 2025

Shiru,

Jumapili uliondoka ukaacha chai imejaa kikombe. Ulikuja nyumbani kwa likizo fupi, ukakaa siku hizo zote kama umekuja kukagua gereza, halafu ukabeba begi ukaenda bila kuniambia hata "Anko, mbwa akuume." Nilikufuata mpaka barabarani nikiwa na ndala za kuogea.

Nilikueleza kila kitu, na narudia kwa maandishi ili usisahau. Makochi yako kwa fundi, anabadilisha sponji. Tivi nimemwazima Nabiswa kinyozi, wateja wake walikuwa wanasinzia kichwa kinaanguka kwa mashine. Friji iko kwa duka la Hirad kwa sababu umeme wetu huku ni mwembamba, hauwezi friji ya hadhi ile. Mtu mkubwa hujua kuweka mali mahali pake.

Habari ya Mawio usijali. Nimewaandikia barua kali mpaka wino ukaogopa kukauka. Wamenijibu kwa adabu, naona wanatetemeka. Kuna kijambo kidogo kimebaki, hicho nitakimaliza kwa kidole.

Kula vizuri.

Anko Ngigi


Shuleni, Murang'a,
12 Machi 2025

Anko,

Siku moja ya ile likizo fupi nilienda kwa Hirad nikamwambia anipe soda kutoka kwa friji ya mjomba wangu. Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaona mimi sicheki, akanipa soda bila kuniuliza pesa.

Nikapita kwa jirani yetu Benta. Alikuwa anaanika vitambaa vya makochi yake, vile vyenye ndege wawili, ambavyo nimekuwa nikikatazwa kuvichafua tangu nikiwa mdogo. Sikumuuliza kitu. Yeye ndiye aliuliza, "Sasa, wale wageni wako walifurahi?" Mtaa mzima unajua, Anko. Wajinga tulikuwa mimi na bodi ya Mawio.

Nilirudi nyumbani nikakaa nikingoja useme. Ungesema tu, "Shiru, niliazima, nikaropoka, nimeharibu." Ningelia, ningekutukana kidogo moyoni, halafu tungeandika rufaa pale mezani, wewe ukitamka na mimi nikinyoosha maneno. Badala yake ulinitazama hivi machoni ukaniambia umeme ni mwembamba.

Na jana mwalimu aliniita. Madam Fartun amempigia simu na kumweleza yote, pamoja na Amondi na kalenda. Eti ulifanya kwa ajili yangu. Usinitumie mimi, Anko. Nani aliniuliza? Mimi nitakaa juu ya mtungi. Nitaubeba kichwani wakitaka, wapige picha mpaka kamera ichoke, kisha nifute matako niingie maabara. Amondi alichekwa, ndiyo. Sasa yuko chuo, na waliomcheka bado wamekaa pale kwa Nabiswa wanangoja mechi.

Aibu ni yako, unaivisha gauni unaiita yangu. Hutaki watu waone umenilea kwa chumba kimoja. Lakini watu hao ndio waliobeba hayo makochi mpaka ndani! Walipita kando ya kitanda changu. Sasa unamficha nani?

Tarehe 21 ikipita hujawaandikia ukweli, siku ya wazazi usije. Nitawaambia sina mzazi, na sitakuwa nimedanganya kuliko wewe.

Shirleen


Kaloleni,
17 Machi 2025

Madam Fartun,

Saumu njema. Nakala ya barua hii naituma Murang'a kwa mpwa wangu, asije akasema nimempa yeye maneno mengine.

Nimeanza kuiandika mara nyingi nikaichana. Niliona kila nikifika pale penyewe, mkono unaanza kukueleza habari za Juba. Kwa hiyo leo nimeamua kuanza na nyumba.

Njoo siku yoyote, usiniambie. Utakuta viti viwili vya plastiki. Kimoja mguu umefungwa na waya, usikikalie. Utakuta meza, stovu ya mafuta, na gunia la viatu vya mitumba ambavyo watu wa soko la Burma wamekataa kununua, wengine wakisema ni vya mguu mmoja, na wanasema kweli. Utakuta pazia la maua. Nyuma yake ndipo Shirleen analala na kusomea. Balbu ni moja. Pazia likifungwa, balbu inabaki upande wake, mimi nabaki gizani. Hiyo usiandike.

Mtoto na shida wanajuana, Madam. Wanajuana kwa majina yote matatu, mpaka la babu.

Kwa sababu umefunga, hakutakuwa na chapati za kutuharibia kesi. Johnson mwambie abebe zake.

Sasa habari ya picha. Najua kampuni haitoi kitu bila picha, nimeishi mjini. Mpwa wangu anasema atakaa juu ya mtungi. Amesema kwa hasira, lakini akisema kitu hufanya, huyo ni mama yake mtupu. Mimi nakuomba msimkalishe. Nikalisheni mimi. Mtungi ninao, wa njano, umetoboka kidogo juu. Nitavua ndala moja, nitavua zote. Niwekeni mwezi wa Mei au mwaka mzima, mniandike chini chochote mnachotaka. Nitakaa kimya, na hicho peke yake Kaloleni watalipa kukiona. Watanicheka hapo kwa kinyozi mpaka Krismasi, lakini mimi nimewacheka tangu nikiwa na nywele. Yeye mpigeni akiwa maabara na koti jeupe, au msimpige kabisa.

Bodi ikisema mwongo hasaidiwi, ni sawa, wasinisaidie mimi. Mimi sijaomba kwenda chuo. Yule mtoto hakusema neno hata moja siku ile, alikuwa Murang'a anasoma. Aliyefungua mdomo ni mimi, na wewe ulinipa nafasi ya kuufunga mara mbili.

Umesema mistari miwili inatosha, na mimi nimezunguka kurasa mbili kama lori linalokwepa mizani. Haya.

Makochi ni ya Benta, tivi ni ya Nabiswa, friji ni ya Hirad. Hakukuwa na kuponi wala bahati nasibu. Sikushinda kitu.

Ngigi